Mac na Linux nazo zina milango

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mwenye kompyuta ya Mac au inayotumia mfumo wa Linux nyumbani hana haja kabisa ya programu ya kuzuia virusi. Kwa Linux namuunga mkono nusu. Natumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mwaka wa sita huu, programu nachukua kwenye hazina yake rasmi tu, na sijapata tatizo. Lakini flashi yangu ikitoka steshenari hurudi na virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati! Kwangu virusi hivyo havifanyi kitu. Nikimpa dada yangu mwenye Windows, yeye ndiye anayeumia. Kwa hiyo nimeweka ClamAV, programu ya bure ya kusaka virusi, naikagua flashi kwanza.

Kwa Mac, jamani, tumesahau kirusi cha Flashback cha 2012? Kilipitia tundu la usalama kwenye programu ya Java kikaingia kompyuta zaidi ya 600,000. Apple wenyewe waliweka kinga ndani ya mfumo tangu 2009. Wangeiweka ya nini kama hakuna hatari?

Kinachoniuma zaidi ni watu kupakua programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure, halafu dirisha likiomba nywila ya kompyuta wanaiandika bila kusoma, wakivifungulia virusi mlango wenyewe. Juzi jirani yangu alikuwa anafanya hivyo kwenye Mac yake, apate programu ya kuhariri picha bila kulipa. Nilimshika mkono.