Sikio la Mjomba

Huku Mikindani mjomba haambiwi "hapana". Hata baba yangu, akimwona shemeji yake anakuja, hujiweka sawa kwenye kiti. Kwa hiyo Mjomba aliponyoosha mkono kutaka zile sumaku, nilimpa.

Zilikuwa mbili, za neodimiamu, sentimita moja kila upande. Nilikuja nazo likizo ili nimwonyeshe mpwa wangu kazi ninayosomea. Kazi yenyewe haionekani kwa macho: unagandisha ncha moja ya DNA, ule uzi wa vinasaba, kwenye kioo, ncha ya pili unaibandika kwenye kishanga cha kama mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, chenye madini ya chuma, kisha unaning'iniza sumaku juu. Kishanga kinavutwa, DNA inanyooka, na kamera ya hadubini inakwambia imenyooka kiasi gani. Ukizungusha sumaku, kishanga nacho kinazunguka, DNA inajisokota.

"Kama mshipi," alisema Mjomba, aliyevua samaki maisha yake yote. "Ukiuzungusha sana unajipinda vitanzi."

Wataalamu wa Paris walilipima hilo mwaka 1996 kwa mitambo. Yeye alilimaliza huku anatafuna korosho.

"Na nani anafumua?"

"Kuna kimeng'enya, Mjomba. Topoisomerasi. Kinakata uzi, kinauacha ujizungushe, halafu kinauunga tena."

"Samaki hapotei?"

"Hapotei."

Akaridhika. Tungeishia hapo tungelala salama. Lakini akauliza nguvu za sumaku hizo kwenye kishanga, nami nikajibu kisomi: tunapima kwa pikonyutoni, kipimo cha nguvu ndogo mno, na zikifika kama 65 tu DNA inaachia umbo lake, inarefuka ghafla. Korosho moja iliyobanguliwa, hata ikiwa ya gramu 1, uzito wake ni zaidi ya mara milioni 100 ya hapo. Akina mama waliokuwa wakibangua barazani wakaangua kicheko.

"Kumbe hamna kitu humu!" Mjomba akaweka sumaku moja nyuma ya sikio, nyingine akaileta kwa mbele taratibu, asikilize kama zinavuma.

Sumaku haina taratibu. Maabara tunaongeza nguvu kwa kuzishusha milimita chache tu, basi, kishanga kinavutwa vingine kabisa. Mjomba alizishusha zote kwa mpigo.

Ta!

"Yalaaa! Limenikamata!"

Nikapiga kelele kwamba zisivutwe, zitelezeshwe kando. Nani amsikilize msomi wakati kuna fundi baiskeli ng'ambo ya barabara? Fundi akaja mbio na koleo. Koleo likamponyoka likanasa kwenye sumaku. Sasa Mjomba alikuwa na hereni ya chuma, shingo imepinda upande mmoja, na fundi anamsihi atulie maana koleo ni la kuazima.

Watoto nao wakagundua vizibo vya soda. Cha kwanza kilinata, wakashangilia. Cha pili kikanata juu ya koleo.

"Atakayeongeza kizibo kingine," Mjomba alinguruma, shingo bado imepinda, "harithi hata mnazi mmoja!"

Mpwa wangu akarudisha chake mfukoni.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja wa kubangua korosho. Hakuuliza nadharia. Alijipaka mafuta ya nazi vidoleni, akashika sumaku ya nyuma kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la pili akaisukuma ya mbele kando, kama anayemenya. Ikateleza, ikaondoka na koleo na vizibo vyake. Sikio lilikuwa zima, ila limevimba, na mwenyewe hataki kuulizwa.

Kesho yake alfajiri hodi ikabishwa. Fundi baiskeli. Koleo lake tangu jana linaokota gololi lenyewe, hata zilizodondokea mchangani, na mwenye nalo halipati tena. Akaulizia kama Mjomba ameamka, maana amekuja na bisibisi na spana pia.