Maji yakifika mlangoni bei inapanda

Shemeji yangu alinunua boti kabla hajapata gari la kuivuta, ndo alivyo huyo mtu, tamaa inatangulia akili inakuja na daladala. Boti ya faiba futi 20, injini nyuma, kiturubai cha bluu, lengo ni kupeleka watu kisiwa cha Mbudya wikiendi. Kuilaza pwani hataki, anasema ataamka injini imeshaenda kuvua na wenyewe, kwa hiyo inalala kwake Tegeta juu ya trela, Jumamosi inashushwa Kunduchi.

Sasa gari. Yadi alikuta Hilux mbili nyeupe zinafanana mpaka unataka kuuliza mama yao nani, moja tuwili, injini inazungusha tairi mbili za nyuma tu, moja fowili, inazungusha zote nne, ila tofauti ya bei ni ya kumfanya mtu mzima aombe kiti. Shemeji akapiga hesabu pale pale. Fowili ina difu mbili, zile gia za kugawia tairi nguvu, mbele na nyuma, ina na lile gia boksi dogo la ziada, vyote vinakula oili, vyote siku moja vitamwita fundi. "Mi natoka Tegeta naenda Kunduchi, lami tupu, tairi za mbele zizunguke ili iweje?" Na tusimuonee, kwenye lami yuko sawa kabisa, kuvuta trela ya tani moja na ushee barabarani kunataka injini yenye nguvu, chesisi na breki za uhakika, tuwili inavuta vizuri tu. Fowili unainunulia zile mita chache za mwisho, kati ya lami na maji. Hizo shemeji hakuzihesabu.

Aliyezihesabu ni jirani yake, mzee mmoja ana Hilux ya zamani fowili, mtaani tunamwita Mzee Fowili na jina analipenda. Alivyoiona tuwili inaingia getini akasimama mlangoni kwake na msuli, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Hakusema neno, na shemeji kilichomuuma ni hicho.

Siku ya uzinduzi ikaangukia kwenye bamvua, mwezi mpevu umetoka jana yake. Kwa wa bara: bamvua maji yanakupwa mbali sana halafu yanarudi kwa fujo, Dar yanapanda zaidi ya mita 3, ni kama saa 6 toka kupwa mpaka kujaa ila zile za katikati ndo yanakimbia kweli kweli. Sisi tukafika yamekupwa yote, bahari iko kule, shemeji akarudisha gari rivasi mpaka kule kule kuifuata, mchanga umelowa unaonekana mgumu, safi kabisa, anapiga na honi.

Wageni wakaona watembee mpaka majini kwa nini, wakapandia hapo hapo kwenye trela. Wakakaa nyuma wote, karibu na injini, pamoja na madumu ya mafuta, kreti za soda na kasha la barafu. Trela likielemewa nyuma ule ulimi wake wa mbele unanyanyuka, na ukinyanyuka unanyanyua na mkia wa pikapu, na tuwili ya Hilux inasukumwa na tairi za nyuma, hizo hizo ambazo sasa zimebaki kugusa mchanga kwa adabu. Shemeji akataka asogee mbele kidogo anyooshe trela. Tairi zikazunguka, gari halikwenda popote. Akaongeza moto. Zikachimba. Harufu ya klachi ikatufikia wote, na wageni kule juu wanapiga selfi.

Pembeni kuna ngalawa imepinduliwa, juu yake wamekaa madogo wa pwani wanaangalia. Mmoja ana kofia ya Yanga akaja taratibu. "Bosi, kusukuma elfu 20." Shemeji akakataa. Dogo hakubishana, akaonyesha bahari kwa kidevu. "Poa. Ila maji yakifika rimu ni 50. Yakifika mlangoni laki." Akarudi kukaa.

Mvuvi mmoja mtu mzima akashauri tupunguze upepo kwenye tairi, zikilala zinashika mchanga. Shemeji akauliza akishapunguza huo upepo nani atamjazia, na pampu hana. Maji yakafika rimu.

Hapo ndo mimi nikampigia Mzee Fowili. Alikuja haraka mpaka nikahisi alikuwa amekaa na funguo mkononi. Kashuka, kawaamkia wazee, katutolea hotuba ya rahisi kuwa ghali, kafunga kamba, kaingiza fowili, kavuta. Tairi zake za nyuma zikachimba. Akashuka lo, ile gia ya mwendo mdogo nguvu nyingi, akavuta tena, gari likakaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

Yule mvuvi akainama. "Mzee mwenzangu, hizi za mbele mbona zimetulia?"

Hilux za zamani, kwa wasiojua, ukiingiza lile gia la fowili bado unatakiwa ushuke ukageuze swichi kwenye habu za tairi za mbele kwa mkono, toka FREE kwenda LOCK, bila hivyo nguvu inaishia kwenye shafti. Za Mzee Fowili zilikuwa na matope ya awamu iliyopita. Miaka yote ile anatembelea tuwili! Ikatafutwa koleo, ya kulia ikageuka, ya kushoto imeoza kwa kutu haisogei, na ukifunga moja hujafanya kitu, difu inapeleka nguvu kule kulikolegea.

Maji mlangoni.

Boti yenyewe ikaelea, ikajitoa kwenye trela bila kuomba msaada wa mtu, nahodha akawasha mashine. Mgeni mmoja akapaza sauti eti tutupe kamba boti ivute magari. Mvuvi akamuuliza, "Uyapeleke Mbudya?" Wakaondoka zao.

Dogo wa Yanga akaja na bei mpya, laki kila gari, trela atatupa ofa 50. Shemeji akalipa kwa simu, maji yako magotini. Dakika hiyo hiyo wakatokea watu sijui walikuwa wapi, wakatoa upepo tairi zote, wakatandika mbao, kamba ndefu, "harambeee", magari yakatoka moja moja na trela mwisho. Mimi suruali imelowa mpaka kiunoni, simu inaita, ni wale wageni kisiwani wanauliza ndimu ziko wapi.

Siku hizi shemeji anashuka maji yakijaa, gari linabaki juu kwenye ugumu, trela linateremshwa na kuvutwa kwa kamba ndefu, na tuwili inatosha. Mzee Fowili anasimulia mtaani kwamba alienda kutuvuta, ambayo ni kweli, alienda. Dogo wa Yanga naye namba ya shemeji anayo, mwezi ukikaribia kujaa anatuma meseji: "Bosi kesho bamvua, mnashuka?"