Msimwambie Tena Kwamba Baba Amefariki

Mama mwenye Alzheimer anauliza kwa mara ya tano asubuhi hiyohiyo, "Baba yenu yuko wapi?" Watoto wengi humjibu kwamba alishafariki, na wengine huongeza kwa hasira, "Si tumeshakwambia?" Naona ni ukatili, hata kama haukukusudiwa.

Ugonjwa huu huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana anaikumbuka harusi yake lakini hajui kama amekunywa chai. Kila mkimwambia mumewe amekufa, kwake ndiyo kwanza anapewa taarifa ya msiba. Baada ya dakika 10 maneno yametoka kichwani, ila majonzi yamebaki, naye analia asijue analilia nini.

Wapo watakaosema kumficha ni uongo, na uongo ni dhambi. Lakini nani kasema umdanganye? Mwambie, "Umemkumbuka Baba, eeh? Hivi alikuwa anapenda mboga gani?" Hujasema uongo, wala hujamtia msibani upya.

Vivyo hivyo anapodai kwenda "nyumbani" na yumo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Usimbishie. Mara nyingi amebanwa na haja, ana njaa, amechoka, au jioni imeingia na wasiwasi umempanda. Mpeleke chooni kwanza, kisha mpe kitu cha kula. Taa ziwashwe kabla ya giza, maana kivuli cha pazia anaweza kukiona mtu.

Kwenye kuoga ndiko kwenye vita. Anaona baridi, anaona aibu kuvuliwa na mtu asiyemtambua, na maji ya kumwagiwa kichwani ghafla yanamtisha. Ukimwuliza "Utaoga?" atakataa tu, basi usiulize. Andaa kila kitu kabla ya kumwita: ndoo ya maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, stuli imara, kanga mbili kavu. Kanga moja ibaki mabegani mwake muda wote, nawe unaosha chini yake, ukianzia miguuni. Kichwa kiwe mwisho, au kingoje siku nyingine. Mpe kitambaa ajipanguse uso mwenyewe. Akigoma kabisa, acha, urudi baada ya nusu saa. Mwili mzima si lazima kila siku. Sehemu za siri na makwapa ndiyo yasiyosubiri. (Na mtoto wa kiume asilazimishwe kumwogesha mama yake kama mama mwenyewe anafadhaika, atafutwe mwanamke.)

Alzheimer huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mtu aliyekuwa akizungumza vizuri juzi, leo amechanganyikiwa au analala kutwa, msiseme "ugonjwa umezidi" mkakaa. Mpelekeni hospitali apimwe mkojo, malaria na sukari, na aangaliwe kama amepungukiwa maji au amefunga choo. Kama alianguka, hata wiki tatu zilizopita, daktari aambiwe, kwani damu huweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu. Bebeni na dawa zake zote. Piriton ya mafua, inayouzwa kila duka la dawa, huweza kumvuruga mzee wa namna hii: inazuia asetilikolini, kemikali ileile ya ubongo ambayo donepezil, dawa ya Alzheimer, hujaribu kuilinda. Donepezil yenyewe huanzwa kwa miligramu 5, na baada ya wiki 4 hadi 6 daktari huweza kupandisha hadi 10. Haiponyi. Husaidia kiasi, kwa muda, na huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha au kupunguza mapigo ya moyo.

Mzigo wenyewe kwa kawaida huangukia binti mmoja, hasa asiyeolewa, huku ndugu wakituma hela kwa simu pamoja na lawama. Hela si zamu. Kikao cha familia kiandike kwenye daftari nani analala na Mama usiku gani, na nani anampokea mlezi walau siku moja nzima kila wiki.

Majirani nao waelezwe mapema. Bibi anayetoka usiku bila nguo si mchawi, anatafuta choo, na kuna wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Mwenyekiti wa mtaa ajue, na vijana wa kijiwe cha bodaboda wamjue kwa sura. Namba ya simu ishonewe ndani ya ukosi wa gauni lake. Ya kwenye karatasi ataitupa.