Waliomcheka Chemirocha Hawamjui Jimmie Rodgers

Jumapili iliyopita jioni, nikiwa napiga pasi sare za watoto, nilikuwa nimefungulia redio kipindi cha nyimbo za kantri, mojawapo ya vile vipindi ambavyo Wakenya wa rika langu wamelelewa navyo, pamoja na Jim Reeves wa baba na Kenny Rogers wa shangazi. Mtangazaji akasimulia kile kisa cha Wakipsigis wa Kericho waliosikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, zamani za ukoloni, wakamtungia wimbo ulioimbwa na wasichana wakimwita Chemirocha, na kumfanya nusu mtu nusu paa. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na mwenzake wa studioni akamsaidia kucheka. Kabla sijamaliza kola ya shati, msikilizaji mmoja akapiga simu kulalamika kwamba kantri ya siku hizi imeharibiwa na michanganyiko, kwamba vijana wa Nashville, mji mkuu wa muziki huo huko Marekani, wanaingiza rap na midundo ya kompyuta, na kwamba ingefaa turudi kwenye kantri safi, ya asili, ya akina Jimmie Rodgers. Mtangazaji akamuunga mkono kwa sauti nzito ya mtu anayetoa rambirambi.

Nilizima redio, kwa sababu katika muda wa robo saa watu wazima walikuwa wamemsingizia marehemu mara mbili. Wale wasichana wa Kericho waliochekwa walimwelewa Rodgers kuliko huyu bwana wa kantri safi, na yeyote anayefuatilia maisha ya mwimbaji huyo hawezi kulikwepa jambo hilo.

Jimmie Rodgers alizaliwa Septemba 1897 na kukulia Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mtoto huyo alijaribu kutoroka na misafara ya maonyesho akiwa hajabalehe sawasawa, akarudishwa nyumbani, akaingizwa kazi ya reli, na hatimaye akawa utingo wa treni, yule anayeshughulikia breki za mabehewa. Ndiyo maana baadaye santuri zake zilimtangaza kuwa utingo anayeimba. Mwaka 1924 madaktari walimkuta na kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa, na kazi ya reli ikasimama kwake kwa muda akiwa na miaka 27 tu.

Sasa tujiulize ni nani waliokuwa kwenye reli za Mississippi miaka ile. Vibarua waliobeba mataruma, waliopigilia misumari na kunyoosha vyuma kwa mitaimbo walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani Weusi, watoto na wajukuu wa watumwa, na kazi yao iliendeshwa kwa nyimbo, kwa maana mitaimbo haiwezi kusukuma chuma kwa pamoja bila mtu wa kutoa sauti na wengine kuipokea. Inasimuliwa kwamba Rodgers mdogo aliwabebea maji vibarua hao, na kwamba hapo ndipo alipochukua mashairi yao, mizaha yao na namna yao ya kupiga gitaa na banjo. Hata asiyetaka kuamini masimulizi na afungue masikio. Wimbo uliompa umaarufu, wa kwanza katika mfululizo wake wa nyimbo za yodeli, uliorekodiwa Camden, New Jersey, tarehe 30 Novemba 1927, ni bluzi tupu: mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. Muundo huo hakuuokota katika kanisa la wazungu. Kisha, mwishoni mwa ubeti, sauti inavunjika ghafla kutoka kifuani na kurukia juu kichwani, na huo mruko, ndio yodeli yenyewe, nao si wa Mississippi hata kidogo, bali ulifika Marekani pamoja na vikundi vya waimbaji wa milima ya Alps waliozunguka huko karne ya 19, ukapitia kwa wachekeshaji wa majukwaani, hadi ukamfikia utingo mgonjwa mwenye gitaa.

Huyo ndiye baba wa kantri safi. Wimbo wake wa kusubiri treni, aliourekodi Atlanta mwaka 1928, una tarumbeta na klarineti za jazi pamoja na gitaa la Kihawaii linaloteleza. Mwaka 1931, huko Louisville, aliimba akisindikizwa na kikundi cha Weusi waliokuwa wakipuliza midomo ya mitungi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 16 Julai 1930, aliingia studio Los Angeles na aliyepuliza tarumbeta pembeni yake alikuwa Louis Armstrong mwenyewe, gwiji Mweusi wa jazi, na kwenye piano alikaa mkewe Armstrong, Lil Hardin. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi mno. Rodgers hajui kuhesabu mapigo kama wanajazi wanavyohesabu, anaongeza na kupunguza anapojisikia, na unamsikia Armstrong akimngoja, akimfuata, akiziba mashimo kwa upole wa kaka mkubwa. Katika Marekani ya wakati ule watu hao watatu wasingeweza kuketi meza moja katika hoteli nyingi za nchi yao, na lebo ya santuri ilipochapishwa haikuwa na jina la Armstrong.

Basi huo usafi ulitoka wapi? Ulitoka kwenye ofisi za mauzo. Makampuni ya santuri ya miaka ya 1920 yalikuwa na orodha mbili: moja ya muziki wa Weusi kwa wanunuzi Weusi, nyingine ya muziki wa wazungu wa mashambani kwa wazungu wa mashambani. Ralph Peer, aliyemrekodi Rodgers kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee, tarehe 4 Agosti 1927, alikuwa mmoja wa waliozijenga orodha zote mbili, na alijua vizuri kuliko yeyote kwamba wanamuziki walikuwa wakisikilizana usiku kucha na kuibiana mchana kutwa. Mpaka ulichorwa kwenye katalogi, kwa sababu kitu kilichopangwa rafu mbili ni rahisi kukiuza. Miaka karibu 100 baadaye mtu anapiga simu redioni Nairobi akilinda mpaka wa karani wa mauzo wa New York kana kwamba ni mila za babu yake.

Baada ya hapo ndipo turudi kwa wale wasichana, huko Kapkatet, Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis na kurekodi nyimbo kadhaa, tatu kati yake zikiwa na jina hilo la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers kama lilivyotua katika ulimi wa Kikipsigis. Inayojulikana zaidi ni ile ya tatu, aliyoiimba Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Wimbo huo hauzidi dakika mbili. Kinubi cha chepkong kinazungusha noti chache tu, kikavu, bila haraka. Sauti moja inatangulia, nyingine zinaipokea, na jina la mgeni linarudi na kurudi hadi linaacha kuwa la mgeni. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wanamhimiza Chemirocha acheze ile ngoma ya kuruka ambayo kila Mkipsigis anaijua, aicheze kwa nguvu mpaka nguo zimvuke.

Hapo ndipo watangazaji wetu wanapocheka, nami nauliza kichekesho kiko wapi. Mtu amesikia kutoka ndani ya sanduku sauti ya mwanamume inayoruka kutoka kifuani hadi kichwani kama mnyama anayekata mbuga, akasema: huyu anaruka, basi na aje acheze ngoma yetu ya kuruka. Ningependa kumwona mhakiki wa magazeti ya New York aliyeisikia yodeli ya Rodgers kwa usahihi zaidi ya huo. Isitoshe, walichofanya ndicho alichofanya Rodgers mwenyewe kwa vibarua wa reli na kwa waimbaji wa Alps: walikipokea kitu cha mbali, wakakivua nguo zake na kukivika zao, wakakiimba mpaka kikawa chao. Alipofanya yeye, aliitwa mwanzilishi, na mwaka 1961 akawa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri. Walipofanya wasichana wa Kapkatet, wameitwa washamba, tena na Waafrika wenzao, tena kwa Kiswahili fasaha.

Kuna pia Howlin' Wolf, yule jitu la bluzi kutoka Mississippi, Mweusi, aliyeeleza kwamba alijaribu kuimba yodeli kama Rodgers akashindwa, akaamua kubweka na kunguruma badala yake. Hakuna redio inayomcheka Howlin' Wolf.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Rodgers hakuwa malaika wa udugu wa rangi. Katika misafara ya wauza dawa alikozunguka kabla ya kupata jina, alipanda jukwaani amejipaka masizi usoni kuwaigiza Weusi kwa kuchekesha, kama walivyofanya wengi wakati ule, na fedha za bluzi zilimfikia yeye zikiwapita wale waliomfundisha. Nakubali pia kwamba sauti ilikuwa yake na hakuiazima kwa mtu. Hiyo huruma ya uvivu, ya mtu anayeimba kana kwamba ameegemea mlango, wengi wamejaribu kuiiga na wameishia kuchosha. Naye Tracey, pamoja na tabia yake ya kikoloni ya kuwaeleza watu maana ya nyimbo zao, alibeba mashine nzito mpaka Kapkatet wakati vituo vyetu havikuwa na habari.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Rodgers, kwa sababu hawa wanaomtaja kila Jumapili hawakitaji kamwe. Mei 1933 alisafiri kwenda New York akijua anakufa. Familia ilihitaji fedha, na Marekani ilikuwa imezama katika mdororo wa uchumi. Studioni waliweka kitanda chembamba. Alikuwa akiimba wimbo mmoja, analala, anakohoa, anasubiri pumzi irudi, kisha anainuka kuimba mwingine, huku muuguzi akiwa karibu. Rekodi za mwisho alizifanya tarehe 24. Tarehe 26 alifariki hotelini akiwa na miaka 35, baada ya takriban miaka sita tu ya kazi ya kurekodi, nyuma yake zikiwa zimebaki nyimbo zaidi ya 100. Gitaa lake la Martin, ambalo nyuma yake lilikuwa limeandikwa neno la kuwashukuru wasikilizaji ili aligeuze mwishoni mwa onyesho, mjane wake Carrie alimwazima kijana ambaye bado hakujulikana, Ernest Tubb, ambaye alilitumia miaka mingi na kuwa nguzo nyingine ya kantri. Mtu aliyefanya kazi namna hiyo anastahili wapenzi waliosoma walau ukurasa mmoja wa maisha yake.

Miaka zaidi ya 60 baada ya Tracey, nakala za rekodi zake zilirudishwa Kapkatet na maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini, kwa kushirikiana na watu wa muziki wa Nairobi, na mmoja wa wazee walioimba mbele ya mashine ile akiwa kijana alikuwa bado hai kuisikia sauti yake. Nakala zipo, zinapatikana, na kituo chochote kinachoweza kulipia mshahara wa watangazaji wawili wa kucheka kinaweza kuzipata. Matoleo mapya ya ile rekodi ya Los Angeles yanamtaja Armstrong waziwazi. Jina lake lililofichwa limerudishwa. Jina la Chemutoi Ketienya halikuhitaji hata kurudishwa, kwa kuwa Tracey aliliandika pamoja na wimbo wake, na yeyote anayeutangaza kuwa wimbo wa Wakipsigis fulani wa zamani ameamua mwenyewe kutolisoma.