Bingwa Asiwe Mlango wa Kwanza
Mijini kwetu, na hasa Dar es Salaam, wagonjwa wengi wamezoea kujichagulia daktari bingwa kwa kuangalia mahali panapouma: moyo ukienda mbio wanamtafuta daktari wa moyo, miguu ikisumbua wanakwenda kwa daktari wa mifupa, na macho yakififia wanaishia kwa muuza miwani. Haraka yao naielewa, lakini naona inawapotezea fedha na, kibaya zaidi, muda.

Tuchukue miguu. Mtu wa miaka hamsini na kitu analalamika kwamba nyayo zinawaka moto usiku, vidole vina ganzi, na akitembea anahisi amekanyaga pamba. Anapigwa picha ya mgongo na kuambiwa pingili zimesagika, jambo ambalo kwa umri huo huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa chochote, kisha anaandikiwa dawa za maumivu. Miezi inapita bila yeyote kumtoboa kidole apimwe sukari, kipimo ambacho majibu yake hutoka kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa viatu. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu polepole, na ganzi hiyo ndiyo humfanya mtu akanyage msumari asijue, mpaka kidonda kioze. Na zile dawa za maumivu, zikimezwa kila siku, zinaweza kumuumiza figo juu yake. Simlaumu sana daktari wa mifupa, kwa kuwa mgonjwa alimjia kama mwenye tatizo la mifupa, naye akaitazama mifupa.

Moyo nao hudanganya vivyo hivyo. Ukienda mbio huku mtu anakonda ilhali anakula vizuri, mikono inatetemeka na joto halivumiliki, huenda tatizo likawa tezi ya shingo. Na mara nyingine ni upungufu wa damu tu. Kikohozi kilichopita wiki mbili kinahitaji kwanza kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na huduma hiyo hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Kwa sababu hiyo naunga mkono ngazi za rufaa, kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, mkoa, kanda na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Hata hivyo watu hawazikimbii bure. Unaingia kwa tabibu aliyechoka, foleni imefika nje, na hujamaliza sentensi ya pili umeshaandikiwa kipimo cha malaria na cha mkojo, halafu unatoka na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi sijui nani hana. Daktari wa mwanzo asipopewa nafasi ya kusikiliza, kumhimiza mgonjwa aanze kwake ni maneno matupu. Mgonjwa naye asaidie kwa kueleza dalili ilianza lini, huja wakati gani na huzidishwa na nini, na abebe dawa zote anazotumia, mitishamba ikiwemo.

Kuna dalili zisizosubiri ngazi yoyote. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono mmoja ukalegea au maneno yakakwama, hicho kichukuliwe kuwa kiharusi; kifua kikibana, maumivu yakapanda begani au kwenye taya na jasho la baridi likatoka, ichukuliwe kuwa ni moyo hadi vipimo viseme vingine. Mgonjwa apelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura cha hospitali kubwa iliyo karibu, si kwa mganga wa kienyeji kwanza, na anayempeleka akumbuke saa dalili zilipoanza, maana zipo tiba za kiharusi zinazofaa katika saa chache za mwanzo tu.

Na ukipewa rufaa ya kwenda kwa bingwa, isome barua kabla hujaondoka. Ikiwa imeandikwa tu "kwa uchunguzi zaidi", mwombe daktari kwa heshima aongeze anachokishuku, pamoja na vipimo vilivyokwisha kufanyika na majibu yake, la sivyo huko uendako utatobolewa upya na kulipia upya.