Kukaa nyumbani sio kuwa na nafasi

Jumapili tulikuwa na kikao cha familia Ujiji, harusi ya mdogo wetu inakaribia. Kila kitu kilienda vizuri mpaka tulipofika kwenye kugawana majukumu. Kaka akasema yeye ni mwalimu hawezi kuacha vipindi, akaeleweka. Dada ana duka Mwanga, hawezi kulifunga, akaeleweka. Binamu yuko bandarini, akaeleweka kabla hata hajamaliza kusema. Kwangu mimi hakuna aliyeuliza. Mjomba akasema "mwanangu wewe uko nyumbani, basi kadi utasambaza wewe, wanaochelewesha michango utawafuata wewe, na fundi wa sare utamsimamia" halafu kikao kikahamia kwenye ukumbi na chakula. Nikasema mjomba, na mimi nina kazi. Akanijibu kwa upole, na ule upole ndo ulioniuma zaidi: "Najua mwanangu, lakini yako si unaifanya muda wowote?"

Hapana mjomba. Pale nilinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwepo na shughuli yenyewe ni ya heri, ila hapa nasema. Mi natafsiri nyaraka na kuandika manukuu ya video, wateja wangu wengine wako Dar, wengine Ulaya na Marekani, na kazi hiyo ndo inalipa ada za watoto na kodi ya nyumba. Haifanyiki muda wowote. Ina saa zake kama shule ilivyo na saa zake, tofauti ni kwamba za shule zina kengele na mwalimu mkuu, zangu nazilinda peke yangu.

Na hebu tuangalie mwenzangu aliyeajiriwa analindwa na nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa zake za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Akipiga kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anatakiwa apewe mapumziko ya saa nzima. Ana likizo ya siku 28 yenye malipo, mwanamke akijifungua ana siku 84, na saa za ziada analipwa moja na nusu ya kawaida yake. Sisi tuliojiajiri hatuna hata kimoja hapo. Siku nikiumwa hakuna anayenilipa, na siku nikishinda barabarani nasambaza kadi, ile hela ya siku hiyo haitakuja mwisho wa mwezi, imeshapotea. Kwa hiyo kwenye kile kikao mtu ambaye saa zake zina gharama kubwa kuzichukua alikuwa ni mimi, na ndo aliyechukuliwa kirahisi kuliko wote.

Halafu kuna ndugu wa Dar. Ukiishi Kigoma na ikajulikana huendi ofisini basi dagaa za ukoo mzima ziko mikononi mwako. Simu inaingia saa tatu asubuhi, dada naomba kilo mbili za dagaa na mawese lita tano, si uko nyumbani. Wanadhani ni jambo la dakika kumi. Dagaa nzuri unazifuata mwenyewe Kibirizi, uchague zilizokauka zisizo na mchanga, mpatane bei, mawese ukayatafute sokoni, utafute dumu lisilovuja, uende stendi, uandikishe mzigo, usubiri risiti, uipige picha umtumie, na kesho yake anakupigia tena kuuliza basi limefika wapi. Asubuhi yote imekwenda. Na ukirudi mezani akili haiji ile dakika unayokaa. Mtu anayetafsiri mkataba mrefu hawezi kuuacha katikati ya kifungu akaenda Kibirizi akarudi akaendelea palepale, anaanza tena kutoka juu aone yule mkopeshaji alimwitaje ukurasa wa tatu, asije akampa jina lingine ukurasa wa kumi mkataba ukaharibika. Ndugu yangu anaona amechukua saa mbili zangu, kumbe amechukua siku.

Sasa kinachonikera zaidi ni kwamba sisi watu wa Kigoma jambo hili tunalijua, pengine kuliko wengi. Tunalijua kwa wavuvi. Dagaa zinavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri, dagaa zinafuata mwanga ndo wavu unainuliwa. Wanatoka jua likizama, wanarudi asubuhi, wakishashusha mzigo wanaenda kulala. Haya niambieni, mvuvi akiwa amelala saa sita mchana, nani pale Kibirizi au Katonga amewahi kwenda kumgongea akamwambia baba amka ukanisambazie kadi, si uko nyumbani? Hata watoto wanafukuzwa wasicheze karibu na dirisha lake. Mkewe anakujibia mlangoni, amelala, katoka kazini, rudi jioni, na wewe unarudi jioni bila kununa. Mbalamwezi ikiwa kali hawaingii ziwani kwa sababu taa haivuti kitu, basi siku hizo ndo za kushona nyavu, kutembelea wagonjwa, kumaliza mambo ya madeni, na mwenye shida naye anajua asubiri mpaka mwezi ukue. Yani mtaa mzima unaijua kalenda ya mtu asiye na ofisi wala bosi wa kumwandikia barua ya onyo, na unaiheshimu.

2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kila mtu alizijua tarehe. Wauza dagaa, mama lishe, wenye magari ya mizigo, wote walipanga maisha yao kuzifuata. Watu walilalamika, ndiyo, njaa haina adabu, ila hakuna aliyesema hizo tarehe si unaweza kuzisogeza.

Kwa hiyo tusiambiane kwamba jamii yetu haiwezi kuheshimu saa za mtu aliyejiajiri. Inaweza, inafanya hivyo tangu babu zetu. Mvuvi tunamwona akitoka na taa zake na tunawaona samaki akirudi. Dada wa keki, fundi cherehani wa chumbani, kijana anayetengeneza kadi na mabango kwenye kompyuta, hao hatuwaoni wakitoka na hatuoni walichorudi nacho, basi tunaamua hawajafanya kitu. Mtu ana oda za keki tatu za Jumamosi anaambiwa akamsubirie fundi bomba kwa jirani. Inaumiza, na inafanya watu wapoteze wateja, kwa sababu mteja akisubiri keki ya birthday ya mtoto wake haendi kumuuliza jirani yako kwa nini umechelewa.

Ndo maana ushauri mwingi wa kupanga muda naona unaanzia pasipo penyewe. Utaambiwa nunua daftari, pakua programu ya simu, fanya ule mtindo wa Muitaliano Francesco Cirillo wa dakika 25 kazi na 5 kupumzika. Ni mtindo mzuri, nautumia. Lakini unamfaa mtu ambaye hagongewi mlango kwenye dakika ya saba. Cha kwanza kabisa ni kutangaza saa zako, watu wazijue kama wanavyozijua za mvuvi. Mi nimetangaza. Saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana Jumatatu hadi Ijumaa sipatikani, nimeandika kwenye stetasi ya WhatsApp, nimewaambia majirani kwa mdomo mmoja mmoja na kwa heshima, shikamoo kwanza halafu maelezo. Simu inakuwa kimya, dada yangu ndo anajua namba ya pili ambayo inaita muda wote kwa ajili ya dharura. Dagaa natuma Jumamosi tu, mwenye kutaka anitumie hela ya mzigo na ya bodaboda kabla ya Ijumaa jioni. Walinuna, wapo waliosema najidai. Baada ya muda wakazoea, na sa hivi wengine wananitetea, utasikia "huyo mpigie mchana, asubuhi yuko kazini" na nikisikia hivyo nafurahi kweli kweli.

Kitu kingine ni hawa wahamasishaji wa mtandaoni wanaotuambia tuamke saa kumi usiku kama tunataka mafanikio. Waje Kigoma. Nchi nzima tunatumia saa moja ila jua halijui hilo, sisi tuko magharibi mwisho kabisa, jua linatufikia kama dakika arobaini baada ya Dar. Saa kumi na mbili asubuhi Dar watu wanaanza kuona mwanga, huku kwetu bado ni giza, jua lenyewe linachomoza karibu na saa moja. Wenzetu wa Burundi na wa Kalemie ng'ambo ya ziwa saa zao ziko nyuma yetu saa nzima, na jua ni lilelile moja. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayeamka saa kumi na mbili na nusu haamki amechelewa, anaamka na alfajiri ya kwake. Msijione wavivu kwa ratiba iliyopangwa na mtu wa Kinondoni. Faida yetu iko jioni, mwanga unatukaa mpaka saa moja, na ukipanga vizuri ile saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni ni muda mtamu sana wa kazi nyepesi, kujibu meseji, kuandika ankara, kupanga ya kesho.

Kwa wenye wateja wa nje, hizo saa zenyewe zinakusaidia ukizijua. London wako nyuma yetu saa tatu kipindi chao cha baridi, na saa mbili kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba. Akikaa mezani kwake saa tatu asubuhi kwangu ni saa sita mchana au saa tano, maana yake asubuhi yangu yote hakuna wa kunisumbua kutoka huko, na hiyo ndo sababu kubwa siwezi kuigawa kwa kadi za harusi. Wa New York anaanza kazi kwetu ikiwa saa kumi na moja jioni, au saa kumi wakishabadilisha saa zao. Akikwambia anataka kazi mwisho wa siku muulize mwisho wa siku ya nani, kwa sababu yake ni usiku wetu wa manane, na ukikubali bila kuuliza utakesha.

Nakubali, kuna faida za kuwa nyumbani ambazo kaka yangu mwalimu hana. Mtoto akipata homa shuleni namfuata mimi. Msiba ukitokea mtaani kompyuta inafungwa, hapo sina ubishi na sitaki kuwa mtu wa namna nyingine. Na wapo waliojiajiri ambao asubuhi inawaishia kwenye simu wanaangalia video, hao wasimsingizie shangazi. Lakini harusi iliyopangwa miezi minne kabla sio dharura, na dumu la mawese sio msiba.

Nimalizie na hili kwa sababu ni zito kwangu. Sisi wanawake tunaofanyia kazi nyumbani tunanyang'anywa saa mara mbili, nje na ndani. Kuna nyumba naifahamu, baba anatengeneza simu kwenye kibanda cha mbele, mama anashona vitenge chumba cha nyuma. Mteja akija kwa baba watoto wanaambiwa nyamazeni, baba yuko na mtu. Mama yuko kwenye cherehani ana sare za watu wanaotaka kuzivaa Jumamosi, hapohapo anaulizwa chumvi iko wapi, soksi za shule ziko wapi, maharage yanaungua, mgeni kaja mletee maji. Nyumba ni moja, kazi ni mbili na zote zinaleta hela ya unga, ila inayoheshimiwa ni moja. Huyo mama anaishia kushona usiku watu wakilala, macho yanauma, mkono unakosea mshono, asubuhi anafumua. Halafu anaambiwa hajui kupanga muda.

Anajua. Muda wake umepangwa na watu wengine. Baba unayesoma hapa na mkeo anashona, au anapika keki, au yuko kwenye kompyuta kama mimi, kaeni leo jioni mzungumze saa zake za kazi ni zipi, watoto wazisikie kutoka kwako wewe. Na kesho mgeni akigonga saa nne asubuhi mfungulie wewe, maji mpe wewe, mwambie mama yuko kazini, anatoka saa saba.