Glavu Zisizopitisha Maji

Muuzaji aliniapia: "Kaka, hizi maji hayapiti ng'o." Na kweli hayakupita. Yaliingilia mlangoni, yakakosa pa kutokea.

Ukiwa juu ya farasi na hatamu mkononi, viwiko viko juu, viganja viko chini. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na mkono wa koti hadi kwenye kifundo. Glavu zangu zilikuwa nene, ndefu, za mdomo mpana, na mikono ya koti nilikuwa nimeichomeka ndani yake, nadhifu kabisa. Basi kila tone lililoniangukia begani lilisafiri hadi kwenye vidole, likaweka kambi. Haukupita muda, nikikunja ngumi nasikia "chwap".

Baridi ya maji si ya mchezo. Maji hunyonya joto la mwili upesi sana kuliko hewa, na mwili ukizidiwa, vidole ndivyo vya kwanza kutelekezwa: damu inarudishwa katikati kulinda moyo na maini, vidole vinaambiwa vijitegemee. Vyangu vilijitegemea kidogo, kisha vikagoma.

Sultani ni farasi wa makamo, mpole, anabebeshwa wanafunzi kwa sababu hana haraka na maisha. Lakini mjinga siye. Hatamu hupita kati ya kidole cha pete na kile cha mwisho, ikatokea juu, dole gumba likaibana. Hapo ndipo unapomsikia farasi naye anakusikia. Mimi nilikuwa sisikii chochote. Sultani akapima: akavuta kidogo, hatamu ikaenda. Akavuta tena, ikaenda tena. Alipoona serikali imelala, akashusha kichwa hadi chini na kuanza kula majani. Nikabaki nimeinamia shingo yake, hatamu zimeisha mkononi.

"Kijana, kusanya hatamu!" mwalimu akapaza sauti kutoka mbele.

Nizikusanye kwa kitu gani? Vidole vyenyewe sikujua viko wapi. Nikaona bora nizivue glavu. Kwa kuwa hakuna mkono uliokuwa na uwezo wa kuuvua mwenzake, nikatumia meno. Nikauma ncha ya mkanda wa velkro, ule wa kunatana, nikavuta kwa nguvu.

Chraaaaa!

Huyu Sultani nimemwona akipitwa na lori linalopiga honi, anatafuna tu. Radi haimshughulishi. Lakini sauti ile, nyuma ya masikio yake, ilimhakikishia kwamba kuna kitu mgongoni kinachana tandiko na kwamba ngozi yake ndiyo inayofuata. Akatoka shoti.

Nikaikumbatia shingo kwa mikono yote miwili. Glavu ya kulia ilikuwa imechomoka yote, inaning'inia mdomoni mwangu, na meno yalikuwa yamejifunga kwa woga, hayakubali kuiachia. Kila Sultani alipokanyaga, ilinipiga kidevuni na kunimwagia maji ya baridi kifuani. Nyuma yangu mwalimu alikuwa akipiga kelele, "Kaa wima! Kaa wima!" Nikamjibu, "Mmmh!" Ndiyo sala pekee niliyoweza.

Mlangoni mwa banda Sultani akasimama ghafla, kwa adabu zote. Mimi nikaendelea mbele kidogo.

Mwalimu alipofika alinikuta nimekaa kwenye matope, glavu bado ingali mdomoni. Hakunipa pole. Aliichomoa, akaipindua juu chini, maji yakamwagika. Akanivua ya kushoto, akaipindua nayo.

"Humu ungefuga samaki," akasema. Ndipo akanipa pole.

Glavu zake yeye nilikuwa nimezidharau asubuhi: nyembamba, za kufumwa kwa sufu, viganjani zimejaa vitone vya mpira. Zilikuwa zimelowa chapachapa, lakini mikono yake ilikuwa ya moto, na hatamu haikuwa imemtoka hata inchi. Akanisomesha huku natetemeka. Mvua ikikukalia kutwa, karibu kila glavu italowa, kwa hiyo tafuta inayoshika ikiwa imelowa. Sufu hupasha hata ikiwa na maji. Ngozi ya kawaida ni tamu siku ya jua. Ikinyeshewa inateleza, ikikauka inakakamaa. Isikubane, maana ikibana damu haifiki vidoleni. Na mdomo wa glavu uingie ndani ya mkono wa koti, kijana, siyo koti liingie ndani ya glavu!

Kisha akapitisha mkono chini ya ubawa wa tandiko lake, kwenye mikanda ya tumbo, akachomoa jozi nyingine ya sufu, kavu. Ni ujanja wa zamani wa wale waliokuwa wakiwinda kwa farasi: jozi ya akiba inasafiri hapo, mbali na mvua. Akanivalisha kidole kimoja kimoja. Zilikuwa na uvuguvugu wa mbavu za farasi na zilinuka jasho lake. Sijawahi kuvaa kitu kizuri zaidi.

Nilipoenda kununua nyingine sikutaka viapo vya mtu. Nikachagua jozi ya sufu yenye vitone, nikavaa, nikakunja ngumi kuona kama zinabana. Kisha nikatoa chupa ya maji kwenye begi, nikazimwagia.

"Kaka!" muuzaji akashtuka.

"Nitazilipia. Shika ile hatamu pale ukutani, uvute."

Akadhani natania. Nikapitisha hatamu kati ya vidole vyangu, nikamkabidhi ncha yake. Akavuta kwa woga. Haikwenda. Akavuta tena, safari hii kwa moyo wote, maana nadhani nilikuwa nimeshamuudhi. Hatamu haikuteleza hata kidogo. Niliyeteleza ni mimi, kwenye maji niliyomwaga mwenyewe.

Nikiwa chini sakafuni, hatamu ingali mkononi, nikamwambia, "Nipe jozi mbili."